Usiku wa Hesabu, Mwibale

Pikipiki iliniacha Jiwe Tatu,
pale murramu inapokata tamaa.
"Mwalimu, mimi mwisho hapa," akasema kijana,
akageuza, akazima injini kuokoa mafuta,
akateremka kimya kama aliyeiba.

Kilichobaki ni mguu. Saa moja na robo,
Edzawa mara mbili kwa kuwa mto wenyewe unajipinda,
na daraja ni mkaratusi uliolala,
mgongo wake umechongwa na nyayo.
Kishikwambi cha serikali nilikibeba kichwani
ndani ya mfuko wa mbolea.

Mwibale walinipokea kwa neno moja:
"Tumefika?"
Nikawajibu, ndiyo, nimefika salama.
Wakacheka. Hawakuwa wakiniuliza habari zangu.

Mwezi wa tatu walikwenda ofisini kuomba barabara.
Mtu wa ramani, bila ubaya wowote,
akawaambia barabara hufuata watu,
na watu, kwa kalamu yake, huanzia mia tano.
Chini ya hapo ni moshi tu kwenye mlima.

Basi walikuwa wamejiandaa.
Lugadiru aliuza mbuzi, nauli ikaenda Kericho
ikamng'oa mwanawe kwenye majani ya chai.
Vugutsa aliwaita mabinti zake watatu kutoka Kaimosi:
njooni na watoto, mje mlale tu, sina jingine.
Na Chavulimu, wa miaka tisini na miwili,
ambaye tangu Krismasi anasema amechoka anataka kwenda,
aliombwa avumilie mpaka Jumapili.
Akavumilia, ila alidai samaki.

Jioni nikapita kwa penseli, mlango kwa mlango.
Mia tano na tatu.
Nikarudia. Mia tano na tatu.
Mtu akapiga sufuria. Watoto wakakimbia huku na huku
wakiitana kwa namba zao.

Saa tatu usiku Khasandi alishika ukuta.

Gari la wagonjwa hufika Jiwe Tatu, likasubiri hapo.
Wakang'oa mlango wa jiko kwenye bawaba,
wakautandika blanketi.
Wabebaji wanne. Mama mkwe. Mvulana wa tochi.
Na Khasandi mwenyewe, anauma ncha ya leso.

Sheria niliisoma mimi, mchana, kwa sauti:
anayehesabiwa hapa ni yule
ambaye saa sita ya usiku imemkuta hapa.

Hakuna aliyesema kitu.
Ila niliviona vidole vya Vugutsa
vikitembea juu ya kidole gumba, vikirudi.
Mtoto mmoja akajibu swali ambalo hajaulizwa:
"Mia nne tisini na sita."
Akapigwa kofi dogo.
"Wabebe wawili," sauti ikajaribu gizani,
na Lugadiru: "Mto umejaa. Wewe ungebebwa na wawili?"

Wakaondoka.

"Mimi nitalala hapa," nikasema.
Ndicho nilichokuwa nacho.
Tisini na saba. Wakanishukuru
kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyeleta sukari robo.

Saa sita niliketi juu ya jiwe, skrini inaniangaza kidevu,
na ng'ambo ile tochi inashuka, inapotea, inatokea.
Nikakumbuka: fomu ina ukurasa wa wasafiri!
Wale ambao usiku umewakuta njiani
nao huandikwa, hawapotei.
Nikaufungua, mikono inatetemeka.
Swali la kwanza:
*Jina la barabara.*

Kule chini, kati ya kivuko na kivuko, tochi ilisimama.
Ikasimama sana.
Kisha ikaanza kupanda, polepole zaidi kuliko mwanzo,
na mimi sikuweza kujua
chini ya mwanga ule sasa kuna watu saba
au wanane.

Kishale kikawa kinapepesa.
Nafasi ilitosha herufi arobaini.